"Strive" na "Jitahidi": Historia ya Maneno Mawili ya Kigeni

Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na neno la Kiingereza strive, aghalabu hasiti. Huandika jitahidi na kuendelea na sentensi inayofuata, na mara nyingi huwa amepatia. Zipo hata hivyo sehemu ambapo tafsiri hiyo hupotosha matini nzima, na mwanafunzi hana njia ya kuzitambua kwa sababu kamusi zinazotumika darasani humpa maana ya neno bila kumpa historia yake.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo. Tutaonyesha mambo matatu. Kwanza, strive si neno la Kiingereza cha asili, kama vile jitahidi lisivyo neno la Kibantu cha asili. Yote mawili ni wageni walioruhusiwa kukaa. Pili, kila moja lilipokewa kwa mlango wa sarufi ya wenyeji, wala si kwa mlango wa maana peke yake. Tatu, maana za maneno haya zilisafiri kuelekea pande mbili zilizo kinyume, na hapo ndipo tatizo la mfasiri linapoanzia.

Mjadala huu hauhusu wapenzi wa etimolojia tu. Tangu zamani wamekuwapo wasemaji wanaotaka maneno yenye asili ya Kiarabu yapunguzwe katika Kiswahili kwa madai kwamba si yetu, na wamekuwapo wengine wanaodai kuwa asiyejua Kiarabu hawezi kuyajua maneno hayo sawasawa. Makundi haya mawili yanapingana, lakini yote yanaamini kwamba neno ni mali ya lugha lilikotoka. Historia ya jitahidi inaikanusha imani hiyo. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hati za serikali zikitafsiriwa, uzito wa neno moja waweza kuwa ndio uzito wa haki ya mwananchi.

Strive na njia lililopitia

Kiingereza kililipata neno strive kutoka Kifaransa cha Kale, ambamo estriver lilimaanisha kugombana, kubishana, kushindana. Lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza yapata karne ya 13, yaani baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 na Kifaransa kuwa lugha ya mabwana. Jina lililo ndugu yake ni strife, ambalo hadi leo lina maana ya ugomvi au mfarakano. Wataalamu wengi wanaona kwamba Wafaransa nao walikuwa wamelitoa neno hilo katika lugha za Kijerumani za kale, na wanalilinganisha na neno la Kijerumani Streit, yaani ugomvi. Kama ni hivyo, neno hili lilitoka katika jamii ya lugha za Kijerumani, likaishi ugenini kwa Wafaransa, kisha likarudi katika lugha nyingine ya jamii ile ile likiwa na sura ya mgeni.

Linalotuhusu zaidi ni jinsi lilivyopokewa. Karibu vitenzi vyote vya Kifaransa vilivyoingia Kiingereza vilichukua njia nyepesi ya kuonyesha wakati uliopita, yaani kuongezewa tamati ya -ed. Serve likawa served, na change likawa changed. Strive halikufuata njia hiyo. Wasemaji walisikia ndani yake mlio wa vitenzi vya kienyeji kama drive, ambacho wakati uliopita wake ni drove na baadaye driven. Nao wakalinyambua hivyo hivyo: strive, strove, striven. Mabadiliko haya ya irabu ya ndani ni urithi wa zamani sana wa lugha za Kijerumani, na ni nadra neno la kigeni kukubaliwa humo. Tazama arrive, lililotoka Kifaransa na lenye mwisho ule ule. Hakuna anayesema arrove. Kwa hiyo strive lilipewa heshima ambayo wageni wengi hawakupewa. Ni kweli kwamba strived pia hutumika, lakini mwanafunzi anayefundishwa orodha ya vitenzi visivyo na utaratibu hulikuta strive limepangwa pamoja na wenyeji, bila alama ya kuonyesha kwamba lilitoka ng'ambo.

Mzizi wa jitahidi

Sasa tugeukie upande wetu. Jitahidi limetokana na kitenzi cha Kiarabu ijtahada, kilichojengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu, yaani j, h na d. Maana ya msingi ya mzizi huu ni kutumia nguvu, kujichosha, kufikia kikomo cha uwezo. Kutokana nao Kiswahili kimepata angalau maneno manne: juhudi, jitihada, jitahidi na jihadi.

Maneno haya hayakutoka katika umbo moja. Jihadi linatokana na umbo ambalo wanasarufi wa Kiarabu huliita la tatu, jahada lenye irabu ndefu ya kwanza, ambalo mara nyingi huashiria tendo linalomwelekea mwingine au linalofanywa baina ya watu wawili. Yaani, kutumia nguvu kukabiliana na kitu au mtu. Jitahidi na jitihada yanatokana na umbo la nane, ambalo huingiza konsonanti t baada ya konsonanti ya kwanza ya mzizi. Katika vitenzi vingi, t hiyo huonyesha kwamba tendo linamrudia mtendaji mwenyewe. Kwa hiyo, ijtahada ni kutumia nguvu ndani ya nafsi, kujikalifisha.

Kiswahili kina maneno mengine ya umbo hili la nane. Hitaji limetokana na ihtaja, na ndugu yake asiye na t ni haja. Uhusiano wa haja na hitaji ni ule ule wa juhudi na jitahidi, ingawa ni walimu wachache wanaowaonyesha wanafunzi wao jambo hili. Katika yote mawili Waswahili waliacha irabu ya kwanza ya Kiarabu, kisha wakaweka irabu i kati ya konsonanti mbili zilizofuatana, kwa kuwa silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu. Kutoka katika umbo la wakati uliopo, yajtahid, lilipatikana shina jitahidi. Kutoka katika jina la tendo, ijtihad, ilipatikana jitihada. Tofauti ya irabu kati ya jitahidi na jitihada, ambayo huwasumbua wanafunzi wengi wanapoandika, ni tofauti ya Kiarabu iliyohifadhiwa tu.

Ji- hii ni ipi?

Hapa tunafikia kiini cha hoja yetu. Katika Kiarabu, j ya ijtahada ni herufi ya mzizi. Haina maana yake peke yake. Katika Kiswahili, hata hivyo, ji- iliyo mbele ya shina la kitenzi ina maana, nayo ni nafsi ya mtendaji inayopokea tendo lake mwenyewe. Tunasema jikaza, jikakamua, jinyima, jitolea, jituma, jitegemea. Yaangalie maneno haya kwa makini. Yote yanahusu mtu anayeibana nafsi yake ili afikie jambo. Jitahidi lilipofika, lilikuta ukoo mzima umekwisha kukaa, wenye sura kama yake na maana karibu na yake. Je, msemaji asiyejua Kiarabu angewezaje kutoliingiza katika ukoo huo?

Kiswahili kimefanya hivi mara nyingi. Kitabu ni kitab cha Kiarabu, ambamo k ni ya mzizi. Sisi tulisikia kiambishi ki-, tukapata vitabu. Mwalimu ametokana na muallim, naye akapata wingi wa walimu. Mtihani ni imtihan, jina lingine la umbo la nane, ambalo m yake ni ya mzizi kabisa. Nasi tukaifanya kiambishi cha ngeli na kupata mitihani. Kisha tukaendelea mbele zaidi: tukaivua m hiyo na kubaki na kitenzi tahini, tukapata mtahini na mtahiniwa. Mwarabu akiliona tahini hataukuta tena mzizi wake, kwa sababu konsonanti ya kwanza imepotea. Maneno ya Kiingereza nayo hayakusalimika, kwa maana kilabu kina vilabu.

Tofauti iliyopo ni kwamba ki- ya kitabu huondoka katika wingi, na m- ya mtihani huondoka katika kitenzi, lakini ji- ya jitahidi haiondoki. Hatusemi kumtahidi mtu. Msomaji aweza kudai kwamba basi ji- si kiambishi. Dai hilo si la kupuuzwa, kwa maana yapo maneno kama jibu, yenye asili ya Kiarabu, ambayo ji yake haijawahi kuchukuliwa kuwa ya nafsi. Ndiyo maana tunasema amemjibu. Wala kipimo cha amri hakitusaidii. Kitenzi cha Kibantu chenye ji- hubadili irabu ya mwisho katika amri, kwa mfano jikaze, jitume. Lakini vitenzi vya asili ya Kiarabu havibadili irabu hiyo, na kwa hiyo jitahidi hubaki jitahidi, liwe na kiambishi au lisiwe nacho.

Kipo kipimo kimoja ambacho tungependa wenzetu wakijaribu pamoja na wanafunzi wao, nacho ni uradidi. Kitenzi chenye ji- ya nafsi kikiradidiwa, ji- hairudiwi: anajikazakaza. Kitenzi ambacho ji yake ni sehemu ya shina hurudiwa chote: anajibujibu. Tukilazimisha jitahidi liradidiwe, sikio la mwandishi wa makala haya hulikubali anajitahiditahidi na kulikataa anajitahidijitahidi. Ikiwa masikio ya wengi yanakubaliana na hili, basi msemaji wa leo anaibeba ji- hii kama kiambishi, hata kama hana neno tahidi la kusimama peke yake. Mtunga kamusi ataendelea kuliweka chini ya herufi J, na atakuwa na haki. Ila ajue kwamba anaandika historia ya neno, na sarufi iliyomo kichwani mwa msemaji inasema jingine.

La kustaajabisha ni kwamba wasemaji hawakuipotosha maana. Kiarabu kiliiweka nafsi ya mtendaji katika t. Kiswahili hakikuisikia t hiyo, kikaiweka nafsi ile ile katika j. Herufi imebadilika, maana imebaki. Tena lugha nyingine nyingi huona haja ya kuitaja nafsi panapozungumzwa habari za juhudi. Mfaransa husema s'efforcer, Mjerumani husema sich bemühen, na Mwingereza wa zamani alikitumia kitenzi endeavour pamoja na neno la kuonyesha nafsi, matumizi ambayo yamesalia katika vitabu vya kale vya sala. Strive halikupata nafsi hiyo hata siku moja, na sababu ni kwamba lilianza kama neno la kumkabili mwingine.

Maana zilizopishana njiani

Strive lilitoka kwenye ugomvi likaenda kwenye juhudi. Mzizi wa j-h-d ulitoka kwenye juhudi, na tawi lake moja likafika kwenye vita. Maneno haya yalipishana njiani.

Ushahidi wa hatua ya kati ya strive unapatikana kwa urahisi katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Katika Mwanzo, sura ya 26, wachungaji wa Gerari na wachungaji wa Isaka wanabishania kisima, na kitenzi kilichotumika ni strive. Katika Luka 13:24, watu wanaagizwa waingie kwa mlango mwembamba, na kitenzi ni strive tena, kikisimama mahali pa neno la Kiyunani lililotokana na agon, yaani shindano. Kitabu ni kimoja na kitenzi ni kimoja, lakini maana ni mbili. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kulitumia jitahidi mara zote mbili. Pale kisimani anahitaji gombana au teta. Pale mlangoni anahitaji jitahidi, na ndilo lililotumika katika Biblia ya Tafsiri ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952.

Jambo hili la mwisho linastahili kutafakariwa. Neno lenye mzizi mmoja na jihadi, na mzizi mmoja na ijtihad ya wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, limekaa katika Injili ya Kiswahili bila mtu kulalamika. Kwa wanazuoni, ijtihad ni jitihada ya mjuzi anayetafuta hukumu katika jambo lisiloelezwa waziwazi na matini. Wataalamu walibishana muda mrefu juu ya dai kwamba mlango wa ijtihad ulifungwa, na mwaka 1984 Wael Hallaq aliandika makala mashuhuri ya kulipinga dai hilo. Masheikh wetu wakitaka kuitaja maana hiyo mahususi husema ijtihadi, kwa irabu ya mwanzo. Wakitaka kusema habari za mtoto anayesoma kwa bidii, husema jitihada. Kiswahili kimeligawa neno moja kuwa mawili, la wanazuoni na la wote.

Ndivyo pia Kiingereza kilivyogawa kazi. Strife lilibaki na ugomvi, strive likachukua juhudi. Kwetu, jihadi lilibaki na vita vya dini, na jitahidi, jitihada na juhudi yakachukua bidii ya kila siku. Mgawanyo huu unaonyesha kwamba jamii ya wasemaji ndiyo inayoamua neno litafanya kazi gani, na mzizi hauwezi kuizuia.

Tatizo la mfasiri

Maana ya zamani ya strive haikufa kabisa. Imejificha katika vihusishi. Strive for ni kutafuta jambo. Strive against ni kulipinga. Strive with huweza kuwa na maana ya kumkabili mtu, kwa sababu with katika Kiingereza cha Kale ilimaanisha dhidi ya. Kiswahili nacho kina utata kama huo katika na: tukisema tunapambana na umaskini, umaskini ni adui yetu, wala si mwenzetu. Hata hivyo jitahidi halikubali adui. Mtu hujitahidi kusoma, hujitahidi katika kazi; hajitahidi na mtu. Palipo na adui, mfasiri atumie pambana, shindana au kabili.

Tatizo la pili ni la nyakati za kitenzi. Mwalimu akiandika "jitahidi" katika ripoti ya mwanafunzi, mzazi anajua kwamba mambo si mazuri. Akiandika "amejitahidi", amesifu, na mzazi anafurahi. Hali timilifu ya -me- imeleta maana ya kufaulu, au angalau ya kufika mahali panapostahili pongezi. Kiingereza hakina hili: he has striven haisemi lolote juu ya matokeo, na he has tried mara nyingi huashiria kushindwa. Anayefasiri neno kwa neno atageuza lawama kuwa sifa.

Tatizo la tatu ni la sheria, nalo ndilo zito kuliko yote. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948 linatumia strive katika utangulizi wake, linapomtaka kila mtu na kila chombo cha jamii kuendeleza heshima ya haki hizo kwa njia ya mafundisho na elimu. Na matini ya Kifaransa inatumia s'efforcer mahali hapo. Wanasheria wa Ufaransa hutofautisha wajibu wa kutumia njia zifaazo na wajibu wa kuleta matokeo. Daktari, kwa kawaida, hulazimika kumtibu mgonjwa kwa uangalifu, halazimiki kumponya. Strive ni la wajibu wa namna ya kwanza. Hati ikisema kwamba chombo fulani kitajitahidi kuleta maji kijijini, haijasema kwamba kitaleta maji. Lakini mwanakijiji aliyezoea kusikia "amejitahidi" kwa maana ya "amefanya vizuri" aweza kusoma ahadi mahali ambapo mwanasheria ameweka nia tu. Kinyume chake pia ni hatari: mfasiri anayeona jitahidi ni dhaifu, akaandika "kitahakikisha", ameunda wajibu usiokuwapo. Tunapendekeza kwamba katika hati za kisheria jitahidi litumike kwa strive na endeavour peke yake, wala lisitumike kamwe mahali pa shall; na pale hati inapodai matokeo, kitenzi chenyewe kisimame bila jitahidi mbele yake.

Maneno ya kwetu

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kiliazima kwa sababu kilikuwa maskini. Kaza, kazana, jikaza na jikakamua yapo, na methali zetu zimejaa habari za juhudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchumia juani hulia kivulini. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hata hivyo tutazame namna zinavyosema: juhudi inaonyeshwa kwa mwili unaoinama, unaochomwa na jua, unaogaagaa ufukweni. Jitahidi lilileta kitu kingine, yaani neno la jumla, lisilo na picha ya mwili, linaloweza kutumika kwa mwanafunzi, kwa mkulima na kwa serikali. Lugha ya ofisi na ya shule ililihitaji neno la namna hiyo, na ndiyo maana limestawi zaidi humo. Anayetaka kuliondoa atuambie kwanza ni neno gani litakalofanya kazi hiyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba Waingereza walilipokea neno la Kifaransa wakalipa mnyambuliko wa mababu zao, na kwamba Waswahili walilipokea neno la Kiarabu wakasikia ndani yake kiambishi cha mababu zao. Hakuna kamati iliyoamua mambo hayo. Yaliamuliwa na wasemaji wa kawaida, wengi wao wasiojua lugha neno lilikotoka, nao hawakuomba ruhusa. Kwa hiyo swali la kama jitahidi ni letu limekwisha kujibiwa zamani na sarufi. Swali linalobaki mbele ya idara zetu za lugha ni la kutufanyisha kazi: kamusi zetu zionyeshe historia ya maneno kama haya, na wafasiri tunaowafundisha wapewe mipaka ya matumizi yake kabla hawajapewa hati zinazogusa maji, ardhi na haki za watu.